Mtoto wa Nani?



Hapa kwetu Kwale, kutoka Diani hata Msambweni, mtoto akipita njiani wazee humwuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Ni swali jema, maana kwalo tunajuana. Lakini yuko mtoto ambaye swali hilo humchoma moyo.

Mwaka 1996 marehemu Ken Walibora alitoa riwaya iitwayo Siku Njema, nayo ikasomwa sana katika shule za sekondari za Kenya. Ndani yake yumo Kongowea, mvulana wa Tanga. Mama yake, mwimbaji wa taarabu, anafariki. Baba yake hamjui. Basi anafunga safari kuja Kenya kumtafuta. Mwandishi alimwachia Kongowea asimulie utoto wake kwa kinywa chake mwenyewe, nasi tukisoma twamhurumia.

Lakini huruma hiyo ilituhukumu. Tulipokuwa tukiandika majina ya watoto wa shule ya Jumapili, tulimwuliza kila mmoja jina la baba yake mbele ya wenzake. Mtoto mmoja alinyamaza. Wenzake wakacheka. Nasi tukamwita anayefuata. Jumapili ya pili hakuja. Tulimhurumia mtoto wa kitabuni, tukamwacha aliyesimama mbele yetu.

Kitabu cha Mwanzo, mlango wa 21, chatupa habari za mwana wa Hajiri, aliyeondolewa nyumbani kwa baba yake. Maji yalipokwisha jangwani, mama alimweka chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali asimwone akifa. Mungu hakuuliza mtoto huyu ni wa nani. Aliisikia sauti yake pale pale alipokuwa.

Tulikwenda kwa bibi yake yule mtoto, tukaomba radhi. Mtoto alikuwa uani akikuna nazi. Habari za baba hatukuuliza. Tuliuliza jina lake, naye akalitaja, kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti ya kusikika. Tangu siku hiyo, katika daftari letu twaandika jina la mtoto na la yule amleaye.

Mpendwa msikilizaji, je, mtaani kwako yuko mtoto aliyenyamaza? Mwendee leo.

Na tuombe. Ee Baba, utusamehe kwa maswali yetu yaliyoumiza. Utupe masikio ya kuwasikia wadogo hawa kama uwasikiavyo Wewe. Kwa jina la Yesu. Amina.