Nusu Rupia kwa Mbwa Mmoja

Leo tunazungumzia kichaa cha mbwa, na tunaanzia Bombay, India, wakati mji huo ulipokuwa chini ya Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India.

Kwa hofu ya ugonjwa huo, tangu 1813 serikali iliruhusu mbwa wazururaji wauawe katika miezi ya joto. Mwaka 1832 muda huo ukaongezwa, na kila mbwa aliyeuawa akalipiwa nusu rupia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mbwa akishapangiwa bei, anayesaka riziki haulizi ni wa nani. Wauaji wakaingia hadi majumbani, wakachukua mbwa wenye wenyewe.

Sasa, mjini humo waliishi Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Kwao mbwa ana heshima yake: mtu akifariki, mbwa huletwa amtazame maiti. Tarehe 6 Juni, siku takatifu kwao, askari wakaonekana wakiua mbwa barabarani. Watu wakawavamia, wakawapiga. Kesho yake maduka yalifungwa, na wanajeshi wa kambi ya Colaba wakazuiwa chakula chao. Haikuwa hasira ya Waparsi peke yao. Wahindu na Waislamu nao walikuwamo. Serikali ikaleta jeshi na kukamata watu, lakini mwishowe ikakubali mbwa wahamishiwe nje ya mji badala ya kuuawa.

Tusiwacheke sana wakubwa wa Bombay. Chanjo haikuwapo bado: mwanasayansi Louis Pasteur alikuja kumchanja mtoto Joseph Meister, huko Ufaransa, mwaka 1885. Ila kwao Uingereza walikitokomeza kichaa kufikia 1902, zaidi kwa kumbana mwenye mbwa: amfunge mdomo anapotoka, na mbwa wanaotoka ng'ambo wakae karantini. Mwaka huohuo, katika koloni lao la Rhodesia ya Kusini, ugonjwa uliingia na mbwa wakauawa kwa maelfu.

Siku hizi dawa inajulikana: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Hilo halifanyiki bila mwenye mbwa, maana akiogopa atamficha. Kwa hiyo, msikilizaji, wa kwako mpeleke akachanjwe. Na ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri dalili; zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona.