Kabla Hujachimba Msingi

Msikilizaji, kiwanja umeshanunua, tofali zimeshushwa, fundi anakuhimiza. Subiri kwanza. Nenda halmashauri, idara ya mipango miji, uulize kiwanja chako kimepangiwa matumizi gani. Ikiwa ni makazi na wewe unataka kujenga gesti, anza na ombi la kubadili matumizi ya ardhi. Usikubali kuambiwa “utabadilisha baadaye.”

Ombi la kibali cha ujenzi huambatana na nyaraka za umiliki na michoro ya msanifu. Kwa ghorofa, inatakiwa pia michoro ya mhandisi: ukubwa wa nguzo, mpangilio wa nondo, kina cha msingi. Hapo ndipo penye uhai wa watu. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakafukiwa chini ya zege. Kwa hiyo tunakuomba sana, hata ukiongeza ghorofa juu ya nyumba ya zamani, omba kibali na mhandisi aikague kwanza.

Ada lipia kwa namba ya malipo ya serikali, usimkabidhi mtu fedha mkononi, na risiti itunze. Kibali kikitoka, nakala yake ikae saiti mkaguzi aione.