Kuhoji Volti Zilizopotoka katika Kikuza Sauti cha Valvu



Mafundi wengi wajiundiao vikuza sauti vya valvu majumbani, wapimapo volti wakaiona hailingani na ile iliyoandikwa katika kijitabu cha maelezo, hukimbilia kubadilisha vipuri, ilhali volti iliyopotoka ni shahidi wa jambo lililotukia mahali pengine katika saketi, na aghalabu kipuri kishukiwacho kwanza hakina hatia.

Nachukua mfano wa Stereo 70, ambayo kampuni ya Dynaco ya Philadelphia, Marekani, ilianza kuiuza mwaka 1959, na ambayo wanunuzi wengi waliipokea ikiwa vipande vya kuunganishwa kwa mikono yao. Volti yake kuu hufika takriban 435, na kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kwa hiyo ni faradhi kwa fundi kuumaliza umeme huo kwa rezista, kisha athibitishe kwa mita, ndipo atie mkono.

Swali la awali ni kama zimepotoka volti zote au baadhi yake. Transfoma ya chombo hiki ilisukwa kwa umeme wa volti 117. Ikilishwa volti 124, kila kipimo hupanda kwa asilimia 6 hivi, 435 ikawa 461, na 6.3 ya nyuzi za kupashia valvu moto ikawa 6.7, wala ndani hapana kilichoharibika. Kwetu, penye umeme wa volti 230, transfoma ya kupunguzia nayo yastahili kupimwa. Ndiyo sababu mimi huanza na nyuzi hizo za kupashia moto: zikiwa sawa, na volti kuu imepanda, basi valvu hazivuti mkondo wake, na kama volti kuu imeshuka, ama yupo avutaye kupita kiasi, ama valvu ya GZ34 igeuzayo mkondo kuwa mnyoofu imechakaa.

Lakini mashaka makubwa hukaa penye gridi za valvu za nguvu, EL34. Kila jozi hupitisha mkondo wake katika rezista ya omu 15.6, nasi hurekebisha mpaka mita isome volti 1.56, yaani miliampea 100 kwa valvu mbili. Kipimo hicho kikizidi na kirekebishi kisikishushe, pimeni gridi, ambayo yapasa kuwa na volti hasi 36 hivi. Uhasi ukiwa umepungua pande zote mbili, mtuhumiwa ni rektifaya ya seleni itoayo volti hizo hasi, ambayo hudhoofika kwa umri. Ukipungua upande mmoja, huenda kapasita ya kupitishia sauti inavuja: mikroampea 20 tu, zikipita katika rezista ya omu 270,000, huipandisha gridi kwa volti 5.4, na valvu ikaungua polepole pasipo moshi wala kishindo.

Ili kuhakikisha, zimeni chombo, chomoeni valvu yenye gridi hiyo, kiwasheni tena, mkapime palepale penye gridi. Uhasi ukirejea kamili, valvu ndiyo mbovu. Usiporejea, badilisheni kapasita, na zile nyingine za umri huo huo zipimwe kabla chombo hakijafungwa.