Ngozi ya Kutengeneza Uso Hutoka kwa Mgonjwa Mwenyewe

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo wa Nyasubi, Kahama



Somo letu la leo ni la afya, nalo linahusu uso. Mtu akiungua uso, au akipata saratani puani, au akiumwa na mnyama, madaktari wanaweza kumtengeneza. Huchukua ngozi, au nyama, au mfupa, wakaziba mahali palipoharibika.

Nilipotaja jambo hili kwa mara ya kwanza, mzee mmoja aliuliza: "Mwalimu, ngozi hiyo wanambandua nani?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Swali lile lilikuwa la kweli. Mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa imeona mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, hasa tangu mwaka 2007. Mtu akisikia "kipande cha mwili" anatetemeka, nami simlaumu. Lakini hofu hiyo inafanya watoto walioungua wafichwe ndani, na hilo linaleta hasara kubwa.

Jibu ni hili. Ngozi hutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Ngozi ya mtu mwingine haidumu. Mwili huitambua kuwa ni mgeni, huipiga vita, na baada ya siku chache au wiki chache hufa na kubanduka. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Peter Medawar, alichunguza jambo hili kwa watu walioungua wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1960 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya mwili kukataa au kupokea kitu cha mwingine. Mapacha wa kufanana kabisa ndio wanaoweza kupeana ngozi ikadumu.

Sasa kazi yenyewe inafanywaje? Neno kupandikiza mnalijua, ninyi wa majaruba. Mnang'oa mche wa mpunga kitaluni, mnaupeleka jarubani. Shamba ni lako, mche ni wako, umehamishwa tu. Ngozi nayo ni hivyo hivyo. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, ile tunayoiita nusu kaputi. Daktari huparua ngozi nyembamba sana pajani, nyembamba kama karatasi, akailaza juu ya kidonda kilichosafishwa. Siku mbili za kwanza ngozi ile hunywa majimaji ya kidonda. Halafu mishipa midogo ya damu huanza kuingia. Kufika siku ya tano hivi, huwa imeshika. Kidonda kikiwa na usaha, haishiki. Bandeji ikisukwasukwa, damu hujaa chini yake na ngozi hufa. Kwa hiyo mgonjwa asiifungue bandeji ili "aone kidogo tu"!

Na paja je? Paja huota ngozi tena, kwa kawaida katika wiki mbili au tatu, kwa sababu mizizi ya ngozi imebaki chini. Ni kama majani yaliyofyekwa bila kung'olewa.

Lakini uso una masharti yake. Ngozi nyembamba ya paja hujikunja baadaye, na rangi yake haifanani na ya uso. Kwa hiyo sehemu ndogo za uso hupewa ngozi nzima nzima ya nyuma ya sikio, au ya juu ya mtulinga karibu na shingo. Sikio likihitaji kuundwa upya, huchongwa kwa gegedu la ubavu wa mgonjwa. Taya lililokatwa kwa sababu ya uvimbe huweza kujengwa kwa mfupa wa nyonga yake, au ule mwembamba wa mguuni.

Pua ina njia ya zamani sana, na mimi hupenda kuisimulia. Mwaka 1794 gazeti moja la London liliandika habari za mwendesha mkokoteni wa ng'ombe huko India, mtu kama wengi wetu hapa. Alikuwa akilifanyia kazi jeshi la Waingereza. Alitekwa vitani na kukatwa pua. Mtaalamu wa huko huko, wa ukoo wa wafyatua matofali, akamtengeneza nyingine. Alipima pua kwa nta, akachora umbo lake kwenye paji la uso, akakata ngozi lakini akaacha kipande kidogo katikati ya macho kikiwa bado kimeshikamana. Akaigeuza ngozi chini, akaishona. Kile kipande kilikuwa mzizi wa kupitisha damu. Baada ya wiki tatu hivi, ngozi ya pua ilipokwisha kushika, akaukata mzizi. Wazungu walijifunza kwa Wahindi! Hadi leo pua hutengenezwa kwa njia ya namna hiyo.

Afrika Mashariki nayo ina historia. Mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha shirika la madaktari wa ndege, ambalo leo ni Amref. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji huu. McIndoe alikuwa ametengeneza nyuso za marubani walioungua vitani, katika mji wa East Grinstead, Uingereza. Aliwaomba wenyeji wa mji wasiwakodolee macho wagonjwa wake, bali wawakaribishe nyumbani. Kazi hiyo haihitaji digrii. Hata hapa Nyasubi tunaiweza.

Nirudi kwenye kuchelewa. Mtoto akimwagikiwa na uji au akiunguzwa na koroboi, mpoze kwa maji safi ya kawaida dakika 20, kisha zahanati. Usipake unga wala dawa ya meno. Kovu la uso huvuta. Likivuta kope, jicho halifumbi, hukauka, huweza kupofuka. Kipande kidogo cha ngozi ya nyuma ya sikio kingeliokoa jicho lile.

Wenye ualbino ndio jua linawaumiza zaidi. Kidonda cha usoni au sikioni kisichopona kwa mwezi mmoja kionyeshwe kwa mganga wa zahanati. Kikiwa kidogo hukatwa na kushonwa. Kikiachwa hula pua yote, na pengine hapo upasuaji hautoshi.

Zahanati itaandika barua kwenda hospitali ya Kahama, na ikihitajika, Bugando, Mwanza. Uliza mapema utapasuliwa mara ngapi, maana uso mara nyingi hautengenezwi kwa mara moja. Mvuta sigara aache kabla na baada, kwa kuwa moshi hubana mishipa ya damu. Hata sisi tunaolima tumbaku tuseme ukweli huo. Ngozi mpya ifunikwe isipigwe na jua. Na asiye na uwezo wa kulipa, aulizie ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini kabla ya kugeuza kurudi nyumbani.