Msaada Wenye Kufika kwa Saa Yake

Hotuba ya kikundi cha masomo mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba



Komite imetuomba tuseme juu ya maisha ya watoto wetu wanaosoma kwenye chuo kikuu hapa Baraka. Sisi wa kikundi cha masomo ndio tunazunguka kwenye vyumba vyao na kusikiliza shida zao. Hatutasema mengi. Lakini mwishoni tuko na jambo moja la kuomba, na tunataka mkutano ulikatie shauri leo.

Munajua tulikotoka. Mwaka 1996 wengi wetu tulikimbia vita, tukavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Watoto wetu walizaliwa ao walikomalia kwenye kambi za Lugufu na Nyarugusu. Tangu Oktoba 2005 meli zilianza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, na wengine wamekuwa wakirudi kidogo kidogo. Kambini watoto walisoma kwa programu ya Kongo, ndiyo, lakini wakitoka darasani ilikuwa Kiswahili na lugha ya nyumbani. Leo mtoto huyo anaingia chuo kikuu: kozi ni kwa Kifaransa, mitihani ni kwa Kifaransa. Akifungua kinywa, wenzake wanacheka, wanasema, "Huyu iko mtu wa Tanzania." Anafunga kinywa. Na mwanafunzi mwenye kufunga kinywa hawezi kuuliza asichoelewa.

Sasa, chuo kikuu kidogo kiko na uzuri wake, tusikidharau. Kumtuma mtoto Bukavu ao Lubumbashi ni kulipa safari, nyumba, chakula, na kubaki unaota usiku yuko wapi. Hapa anakula fufu na ndagala za nyumbani, analala kwa shangazi, asubuhi anaenda kwa miguu. Asistenti anamjua kwa jina. Akikosa siku mbili, mtu anauliza. Dada mwenye mtoto mchanga anaweza kumwachia bibi na kwenda kusikiliza kozi. Kuna wasichana kati yetu ambao, kama si chuo hiki, masomo yao yangeishia sekondari.

Lakini kidogo iko na shida yake pia, na wazazi wengi hawaijui. Chuo kidogo hakina maprofesa wa kutosha wenye kukaa hapa. Profesa anatoka Uvira ao Bukavu, anakuja na njia ile munayoijua wakati wa mvua, anafundisha kozi nzima kwa siku chache, asubuhi mpaka jioni, halafu anarudi. Kozi ambayo pengine ingechukua miezi, hapa inamalizika kwa juma moja. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekosa siku tatu hakukosa siku tatu. Amekosa kozi.

Ni nini inamkosesha? Tumesikiliza, na mambo ni yale yale. Amerudishwa nyumbani kwa sababu awamu ya pili ya minervali haijalipwa. Ameshikwa na malaria na dawa hakuna. Hana pesa ya silabusi, anaona haya kukaa mbele ya profesa mikono mitupu. Ni wakati wa kulima, na nyumbani wanamwambia, "Muhogo haitajilima." Hakuna hata moja kati ya hizo yenye kuwa kubwa. Ukiwa na pesa kidogo ile siku, inaisha. Ikifika baada ya majuma matatu, profesa amekwisha kwenda, na pesa hiyo hiyo haisaidii tena. Mwanafunzi anangoja sesioni ya pili, anasoma peke yake kitu ambacho hakukisikia. Wengine wanaanguka hapo na hawarudi tena.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wanapashwa kujua. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeingia kwenye mfumo wa LMD. Zamani mutoto alisoma gradua miaka 3, halafu lisansi miaka 2. Kwa mfumo mpya lisansi inapatikana kwa miaka 3, na kila mwaka unahesabiwa kredi 60. Tunasema hivi kwa sababu kuna wazazi wanaosikia "lisansi", wanahesabu miaka 5, na mioyo inawaanguka kabla ya kuanza. Ni miaka 3, wandugu. Lakini ni miaka 3 yenye kazi nyingi, na nafasi ya kupoteza kozi haipo.

Musidhani watoto wamekaa tu wanangoja chama. Wako na likelemba yao: kila juma kila mmoja anatoa kidogo, na mmoja anapokea. Wananunua silabusi moja, wanaisoma watu watano. Mwenye taa ya sola anafungua mlango, wengine wanakuja na madaftari. Yule mwenye kuelewa anaeleza kwanza kwa Kiswahili mpaka kila mtu ashike, kisha wanarudia kwa Kifaransa mpaka ulimi uzoee. Hapo hakuna mwenye kucheka mwenzake. Kazi yetu ni kutia nguvu kitu ambacho wao wamekwisha kuanza.

Ndiyo sababu tunaleta ombi letu. Leo mfuko wa masomo unatoka wote mwanzoni mwa mwaka, kwa kuandikisha wanafunzi. Hilo ni jema, na liendelee. Lakini tunaomba mfuko ukatwe mara mbili. Sehemu moja iandikishe. Sehemu ya pili ibaki kwenye sanduku, kwa wale waliokwisha kuingia na wanakaribia kuanguka njiani.

Tunapendekeza kanuni nne. Mwenye kuomba ajibiwe kwa siku mbili, ndiyo ao hapana. Minervali ilipwe moja kwa moja kwa kesi ya chuo, na risiti irudi kwa komite. Watu watatu watie sahihi, na mmoja wao awe mama. Na mwanafunzi aliyesaidiwa arudishe kwa kazi: siku za posho awafundishe Kifaransa watoto wetu wa sekondari, ili hao wasije kufunga kinywa kama wakubwa wao.

Tunajua hii inaleta maumivu. Sanduku likiwekwa, mwaka huu tutaandikisha wapya wachache zaidi. Kuna mzazi hapa ambaye mtoto wake atangoja. Hatutaficha hilo. Lakini kuingiza watoto wengi na kuwaona wakitoka bila karatasi, hiyo pia ni maumivu, na ni ya muda mrefu.

Kwa ninyi wandugu muliotoka Nyarugusu mukaenda Marekani na kwingine, na ninyi wafadhili wengine: kile munachotuma mara moja kwa mwaka, kama inawezekana, mukigawe kwa miezi. Kiasi ni kile kile. Lakini kitatukuta siku ambayo mtoto amesimama mlangoni mwa oditware na jina lake halikuitwa.

Wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Tuko wengi hapa. Tunangojea maswali yenu, hata yale makali, halafu komite iwaombe munyoshe mikono.