Gurudumu Linapolia

Leo tulisikilize gurudumu la baiskeli.

Pindua baiskeli, magurudumu yaangalie juu, kisha lizungushe moja kwa mkono. Je, linagonga mara moja kila mzunguko? Tazama rimu: huenda imepinda na inakwaruza raba ya breki. Linasaga mfululizo, kama mahindi kinuni? Gololi zimekauka grisi. Sasa shika tairi ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, koni za ekseli zimelegea.

Na likilia tu unapobeba abiria au gunia la omena? Bana spoki mbili mbili kwa vidole, iliyolegea utaijua. Ikaze robo mzunguko, usizidishe. Pale spoki zinapopishana, dondosha tone la oili, kisha pangusa vizuri. Oili ikifika kwenye rimu, breki hazitashika.

Nanyi mnaooshea baiskeli ziwani, msizamishe gurudumu. Maji huingia kwenye habu pamoja na mchanga, nao mchanga hula gololi kimyakimya.

Likiendelea kulia, mwone fundi mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.