Usitie sahihi haraka: haki yako ukigongwa na gari

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Baraka

 

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana mama mmoja wa hapa kwetu, muuzaji wa ndagala, aligongwa na gari. Mguu ulivunjika. Siku ya pili mwenye gari alikuja hospitalini na dola 100 na karatasi moja. Akasema: "Tusikilizane, polisi watatuchelewesha bure." Mama aliniangalia mimi, juu nimesoma. Nikamwambia apokee. Akaweka kidole. Karatasi ilisema hatadai tena kitu chochote.

Mfupa haukuunga vizuri, ikabidi apasuliwe tena. Tulipofika kwenye kampuni ya asiransi, mwenye gari alikuwa amekwisha kupeleka ile karatasi. Wakatuonyesha kile kidole. Sanduku letu ndilo lililolipa hospitali, na mama mpaka leo anatembea na fimbo. Wafadhili, zile pesa zilikuwa zenu. Zilipashwa kutoka kwa asiransi.

Basi sheria inasema nini? Tangu 1973 Leta ya Kongo inalazimisha kila mwenye gari ao moto kuwa na asiransi ya kulipa watu anaowaumiza. Hiyo asiransi si ya gari lake. Ni ya wewe uliyegongwa. Uko na haki ya kudai kwa kampuni wewe mwenyewe, bila kuomba ruhusa ya dereva.

Zamani kampuni ilikuwa moja tu, SONAS, ya Leta. Sheria ya 2015 ilifungulia wengine mlango, na 2019 kampuni za kwanza za watu binafsi zikapata ruhusa. Kwa hiyo uliza kwanza: hili gari liko na kampuni gani? Piga picha ya karatasi ya asiransi na ya namba ya gari.

Halafu ufanye hivi:

Moja: polisi wa barabara waitwe, waandike proseverbali. Bila hiyo, kesho dereva atasema hakukuwa pale.

Mbili: chunga cheti cha daktari na resi zote, hata ya dawa ya franga 1000.

Tatu: andika barua ya kudai, kopi mbili. Moja wabaki nayo, ingine irudi na muhuri na tarehe. Usingoje miezi, fanya wiki hiyo hiyo.

Ine: mutu akikupa pesa ya dawa, pokea, lakini iandikwe kwamba ni ya dawa ya leo tu. Karatasi ya kumaliza maneno ingoje mpaka daktari aseme umepona, ao aseme matunzo gani yamebaki.

Tano: kampuni ikikataa, iombe iandike sababu. Neno la mdomo halina muhuri. Kuna ARCA kule Kinshasa, ambayo Leta iliiweka kusimamia kampuni za asiransi. Inapokea malalamiko ya raia. Na tribinali iko.

Vijana wa moto, nanyi sikieni. Ukigonga mutu bila asiransi, ama asiransi yako imepita tarehe, lile deni ni lako. Litauza moto, litauza na shamba la baba.

Kule kambini Tanzania, ukivunjika, hospitali ya kambi ilikupokea bila kuuliza franga. Tulizoea hivyo. Hapa nyumbani lazima tujue kudai kilicho chetu.

Ofisi yetu iko wazi. Mukipewa karatasi yoyote, mulete mbele ya kutia sahihi, tutaisoma pamoja mpaka mustari wa mwisho. Yule mama ndiye aliniomba niwaambie haya, na yuko hapa kati yetu. Mama, unisamehe.